T-Rex Hakuwahi Kukanyaga Turkana

Kabla upitishe kidole uende kwa video ingine, nijibu kitu moja tu: taja dinosauri mla nyama.

Najua umesema T-Rex. Kila mtu husema T-Rex. Ata mtoto wa jirani ambaye bado hajui kufunga viatu anajua T-Rex.

Poa. Sasa taja mmoja aliyewinda hapa kwetu, Kenya ama Tanzania.

Umenyamaza, sindio? Basi kaa hapo kidogo. Maoni yangu leo ni haya, na nitayatetea kwa komenti mpaka bando iishe: sisi vijana wa Afrika Mashariki tumekalia moja ya hadithi kali zaidi za wanyama wawindaji duniani, halafu tumewaachia wengine waisimulie, waiuze na wachukue sifa. Usikimbilie kulaumu Hollywood peke yake. Sehemu ya hiyo hadithi imefungiwa ndani ya droo, na baadhi ya hizo droo ziko Museum Hill, mahali unaweza kufika kwa miguu kutoka Globe.

Tuanze na huyo wa Turkana

T-Rex aliishi magharibi mwa Amerika Kaskazini, kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita. Afrika hakuwahi kufika. Angefikaje? Mabara yalikuwa yashaachana, bahari imeingia katikati, na kila upande ulikuwa unajilelea wababe wake. Kaskazini mtaa ulishikwa na jamii ya T-Rex. Huku kusini, yaani Amerika Kusini, Madagaska, India na Afrika, mtaa ulishikwa na jamii ingine kabisa inaitwa abelisauri.

Abelisauri alikuwa na sura mfupi lakini iliyopanda juu, kama mtu aliyegonga mlango wa kioo akidhani uko wazi. Meno yake hayakuwa marefu sana, lakini miguu ilikuwa ya nguvu. Halafu kuna mikono. Nyinyi mnaochekelea mikono ya T-Rex, ngojeni muone hii. Mikono ya abelisauri ilikuwa midogo zaidi ukilinganisha na mwili, imening'inia tu kifuani kama kitu muumbaji alikuwa amepanga kumalizia baadaye.

Wa Madagaska anaitwa Majungasaurus. Mwaka 2003 watafiti walichapisha ushahidi kwamba alikuwa anakula mpaka wenzake: alama za meno kwenye mifupa ya Majungasaurus zilitoshana na meno ya Majungasaurus. Hiyo ni moja ya kesi chache za dinosauri kula jamaa yake ambayo imethibitishwa kabisa. Na hiyo iko Madagaska, ng'ambo tu ya bahari kutoka Mombasa. Hujawahi kuiona kwa filamu ya Ijumaa usiku.

Sasa turudi nyumbani. Kaskazini kabisa mwa Turkana, upande wa magharibi wa ziwa, kuna milima ya Lapurr. Sisi wote tulifundishwa Turkana ni ya binadamu wa kale. Ni kweli, lakini mawe ya Lapurr ni ya kale kupita hao binadamu kwa mamilioni mengi ya miaka. Ni ya enzi za mwisho za dinosauri. Mwaka 2004 na 2005, timu ya makavazi yetu ya kitaifa pamoja na watafiti kutoka Utah, Marekani, walipanda huko wakatoka na mifupa ya dinosauri: majitu ya shingo ndefu wanaokula majani, na wawindaji wao.

Mmoja wa hao wawindaji ni abelisauri ambaye watafiti walimkadiria kufikia kama mita 11. Hiyo ni karibu urefu wa basi la usiku la kwenda Mombasa. Kama makadirio hayo yatasimama, huyo ni kati ya abelisauri wakubwa zaidi kuwahi kupatikana mahali popote. Alizungumziwa kwenye mkutano wa wataalamu mwaka 2013 bila jina rasmi, na hapa mtaani hakuna anayemjua ata kwa jina la utani.

Fikiria hiyo. Mbabe wa Kenya wa mita 11 na hakuna fulana yake Gikomba. Ya T-Rex unaipata kwa shilingi mia.

Theropodi wako tao

Wacha nieleze kidogo hawa wala nyama ni kina nani, ndio tusipotezane mbele.

Kundi kubwa la dinosauri wawindaji linaitwa theropodi. Wanatembea kwa miguu miwili, mifupa yao mingi ni mitupu ndani, na chini wanakanyaga kwa vidole vitatu. Meno ya wengi wao yana kingo kama za msumeno, na yakivunjika yanaota mengine. Ndani ya hilo kundi kuna tawi moja lililopata manyoya, likapunguza mwili, likajifunza kupaa. Hilo tawi halikufa. Tunaliita ndege.

Ukitaka kuona theropodi akiwinda Nairobi, nunua chipo, tembea nazo mkononi kwenye bustani yoyote hapa tao. Yule mwewe atakayeshuka akunyang'anye ni mzao wa ukoo huo. Wale korongo wakubwa wamejaa kwa miti ya Mombasa Road karibu na Nyayo, wamekaa kama wazee wa kamati, hao pia ni ukoo huo. Siku ingine ukila kuku, tafuta ule mfupa wa kifuani wenye umbo la V ambao watoto huvuta wakishindana. T-Rex alikuwa nao pia. Kisha angalia mguu wa kuku: vidole vitatu mbele.

Kwa hivyo mtu akiniambia dinosauri ni mambo ya wazungu, mimi humuuliza amekula nini jana.

Hadithi inaanzia kwa majirani

Ukitaka kujua wawindaji walitoka wapi, itabidi uvuke mpaka uende kusini mwa Tanzania.

Karibu na Ziwa Nyasa kuna bonde la mto Ruhuhu. Mwaka 1933 mwanasayansi Mwingereza, Rex Parrington, aliokota mifupa huko. Ikapelekwa Uingereza. Miaka ya 1950 Alan Charig akaichunguza, akaandika, lakini kazi haikutoka rasmi. Charig alifariki mwaka 1997. Ni mwaka 2012 ndipo mmoja wa wanyama hao alipotangazwa kwa dunia: Nyasasaurus. Ana umri wa kama miaka milioni 243. Huenda ndiye dinosauri wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu wa karibu zaidi wa dinosauri wa kwanza. Huyo ni wa hapo Nyasa, wasee.

Wa pili aliitwa Teleocrater, akatangazwa rasmi mwaka 2017. Huyu alikuwa mla nyama wa karibu mita 3 ukipima na mkia, anatembea kwa miguu minne, mwili umeinama chini kama mamba mwembamba. Umuhimu wake uko wapi? Watafiti wengi walitegemea mababu wa ukoo wa dinosauri na ndege wawe vijinyama vidogo vya miguu miwili vinavyokimbia kimbia. Teleocrater akavuruga hiyo picha. Kumbe ukoo ulianza chini, kwa miguu minne, na mambo mengi ya mwili tunayohusisha na dinosauri yalikuja mos mos, moja baada ya lingine.

Hesabu na mimi: 1933 mpaka 2017 ni miaka 84. Mifupa iliyobadilisha jinsi dunia inaelewa mwanzo wa dinosauri ilikaa kwa kabati London tangu kabla babu yangu azaliwe.

Halafu kuna Tendaguru, kilima huko Lindi, ndani kidogo kutoka pwani. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aliona mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wakachimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa kwenda Berlin. Mawe hayo yana miaka kama milioni 150. Leo ukienda makavazi ya Berlin utamkuta Giraffatitan, yule jitu wa shingo ndefu, amesimama mita 13 na ushee. Amekuwa hapo tangu 1937.

Giraffatitan amepigwa picha mpaka amechoka. Mimi nataka tuangalie wale waliokuwa wanamvizia.

Kuna Veterupristisaurus, aliyepewa jina mwaka 2011 kutokana na mifupa ya mkia. Ni kati ya wa kale zaidi wa jamii ambayo baadaye ilitoa majitu kama Carcharodontosaurus wa Afrika Kaskazini na Giganotosaurus wa Argentina. Yaani ukoo wa baadhi ya wala nyama wakubwa kuliko wote una mzee wake Lindi.

Kuna Ostafrikasaurus, aliyepewa jina mwaka 2012 kutokana na meno tu. Aliyempa jina anasema ni spinosauri wa kale, jamaa wa mapema wa yule Spinosaurus wa Misri mwenye tanga mgongoni. Wengine wanapinga. Ubishi mzima wa mwanzo wa spinosauri, na ushahidi unatosha kwa kiganja cha mkono.

Halafu kuna ninayempenda zaidi, Elaphrosaurus. Mwembamba, mita 6 hivi, miguu ya mbio, shingo ndefu. Kichwa chake hakikupatikana. Kwa miaka mingi alichukuliwa kama muwindaji mwepesi, tena wakafikiria ni wa ukoo wa wale dinosauri waliofanana na mbuni. Mwaka 2016 mifupa yake ikaangaliwa upya, akahamishwa hadi kwa ukoo wa Limusaurus wa China. Na Limusaurus ana kioja: mtoto anazaliwa na meno, akikua meno yanaisha yote, anabaki na mdomo kama wa ndege na chakula kinabadilika. Kwa hivyo huenda Elaphrosaurus wetu alitoka kwa familia ya wala nyama akaachana na nyama.

Hii ndiyo sehemu shule huwa zinakosea wakichora mageuko kama ngazi: mdogo, mkubwa, mkubwa zaidi, halafu T-Rex juu kabisa akinguruma. Hakuna ngazi. Kuna matawi. Mmoja anakuwa jitu, mwingine anaingia mtoni kuvua samaki, mwingine anaacha nyama, mwingine anaota manyoya anakuja kuiba chipo zako karne ya 21. Matawi kadhaa ya huo mti yamepita hapa kwetu, na mengi tunayajua kwa jino, mkia ama kiungo kimoja.

Na kuna sababu. Wawindaji huwa wachache: kwa kila muwindaji mmoja kunahitajika windo nyingi za kumlisha. Mifupa yao mitupu inapondeka haraka. Meno ndiyo hubaki, kwa sababu ni magumu na yalikuwa yanang'oka maisha yote. Ukichanganya na kwamba wachimbaji wa zamani walikimbilia yale majitu ya kupendeza umati, unapata picha ya vipande vipande. Vipande vinahitaji macho mengi, ya watu wanaoishi karibu, wanaorudi msimu baada ya msimu. Hapo ndipo tunaingia.

Turudishiwe? Sawa, lakini sikiza

Najua komenti ya kwanza itakuwa: Wajerumani warudishe mifupa yetu. Sina shida na hiyo. Ile mifupa ilichimbwa chini ya utawala wa kikoloni, katika sehemu iliyokuwa imetoka tu kuumizwa na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mamia ya Waafrika walichimba, wakafunga mizigo, wakaibeba kwa vichwa na mabega siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mtu akisema eti ilikuwa zawadi kwa sayansi, muulize nani alitoa zawadi hiyo na aliulizwa lini.

Pia msiniambie Ulaya ndiko salama. Mifupa ya kwanza ya Spinosaurus ilitolewa Misri ikapelekwa Munich. Aprili 1944 makavazi hayo yakapigwa mabomu, ikaisha. Ilibaki michoro na picha. Dunia ilisubiri miongo kadhaa mpaka mabaki mengine yakapatikana Morocco.

Lakini mimi naona mjadala wa kurudisha unatupa raha rahisi. Unapiga kelele kuhusu Berlin, unapata likes, unalala. Haukuulizi unafanya nini na yale ambayo hayakuwahi kuondoka.

Kwa sababu Museum Hill ilikuwa na simba kwenye droo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Meswa Bridge magharibi mwa Kenya, mabaki ya mnyama mkubwa yalichimbwa na timu iliyokuwa inatafuta nyani wa kale. Taya, meno, vipande vya mifupa. Vikaletwa Nairobi, vikawekwa kwa droo. Miongo ikapita. Siku moja mtafiti Mmarekani, Matthew Borths, alifungua ile droo akaona meno ambayo hayakufaa kuwa hapo kimya kimya. Mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens wakamtangaza: Simbakubwa kutokaafrika. Aliishi kama miaka milioni 22 iliyopita. Sio dinosauri, hao walikuwa wameenda kitambo, na licha ya jina sio simba pia. Ni wa ukoo wa hyaenodonti ambao umeisha wote. Makadirio ya juu ya uzito wake yanafika kilo 1,500. Dubu wa barafu angempisha njia.

Hakuna Mjerumani alituibia huyo. Alikuwa hapa. Waiyaki Way imejengwa, imechimbuliwa, ikajengwa juu yake barabara ya kulipia, na yeye yuko hapo kwa droo. Mathree za Kangemi, Uthiru na Kikuyu zimempita kila siku zikipiga honi.

Siwalaumu wafanyakazi wa makavazi. Wana mabaki mengi kuliko mikono, na bajeti ni ile unaijua. Pia lazima tuseme ukweli: alikaa salama, hakuuzwa, hakupotea. Sheria yetu ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakataza kutoa visukuku nchini bila kibali, na hiyo ni ngao kubwa. Kuna T-Rex mmoja, Stan, aliuzwa mnada mwaka 2020 kwa dola milioni 31.8. Bila sheria, wa Lapurr angeishia kwa sebule ya bilionea. Ninachouliza ni mbona macho ya kufungua droo yalilazimika kutoka mbali hivyo, na mbona jina limeandikwa kwa Kiswahili lakini habari yenyewe haikutufikia kwa Kiswahili.

Hilo la majina linanichoma. Simbakubwa kutokaafrika. Asilisaurus kongwe, 2010. Shingopana, 2017. Mnyamawamtuka moyowamkia, 2019, aliyeitwa hivyo kwa mto Mtuka na mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Pakasuchus, jamaa wa mamba mwenye meno kama ya paka. Wanasayansi wa dunia nzima wanang'ang'ana kutamka lugha yetu. Sisi tunaoitamka bila shida hatujui hao wanyama wapo.

Nani anaruhusiwa kuokota mfupa

Mbele ya makavazi ya Nairobi kuna sanamu ya Louis Leakey. Watu hupiga naye selfi. Wachache wanajua kazi yake ya kwanza ya uchimbaji ilikuwa ya dinosauri.

Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903. Ndio, Kabete hii yetu. Akaenda Cambridge, akapigwa teke kichwani kwa raga, akaambiwa apumzishe masomo. Mwaka 1924, akiwa na kama miaka 20, akajiunga na msafara wa Waingereza kwenda Tendaguru. Kwa nini walimchukua kijana asiye na digrii? Alijua Kiswahili na alijua Afrika. Kiongozi wa msafara, William Cutler, alikufa kwa malaria mwaka uliofuata. Leakey akarudi Cambridge, akamaliza, na mengine unayajua.

Mimi pia niliacha chuo, mwaka wa pili, karo ilikataa. Mimi pia najua Kiswahili na nimekulia pande hizo hizo za Waiyaki Way. Tofauti ni kwamba wakati wa Leakey mlango ulikuwa unafunguka kwa watu wa rangi yake. Wale Waafrika waliochimba Tendaguru walijua zaidi, na majina yao yalichukua miaka mia kuonekana. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji. Mwaka 2007 ndipo dinosauri mmoja aliitwa Australodocus bohetii. Mohammadi Keranje ndiye aligundua mifupa ya mnyama mwingine. Mwaka 2019 akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima yake na ya Wamwera. Kufikia hapo wote wawili walikuwa wameshaondoka.

Lakini tunaye Kamoya Kimeu. Mkamba, shule yake ilikuwa ya msingi tu, alianza kama kibarua. Mwaka 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, kikageuka kuwa Kijana wa Turkana, moja ya mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale. Alifariki mwaka 2022. Alifundisha kizazi kizima kutembea jua kali macho chini, kutofautisha mfupa na jiwe. Huo ni ujuzi, na hauanzi na cheti.

Kwa hivyo siamini hii kazi ni ya madaktari wa falsafa peke yao. Inahitaji wao, sawa. Inahitaji pia dereva, mpishi, mchoraji, mtu wa kusafisha mfupa kwa sindano miezi sita, mtu wa kuskani, mtu wa kutengeneza uhuishaji, mtu wa kusimulia. Nairobi imejaa vijana wanaojua kuchora wanyama kwa simu ya kioo kilichopasuka. Wanachora joka la Wachina kwa sababu hakuna aliyewaonyesha abelisauri wa Lapurr.

"Mifupa haileti unga"

Hiyo ni komenti ya pili, na nina heshima nayo kwa sababu nami nanunua unga. Lakini kuna watu wanakula kwa mifupa ya Lindi kila siku huko Berlin: wanauza tiketi, vitabu, vikombe, na kuna kazi za watafiti zilizolipwa kwa zaidi ya miaka mia. Mifupa inaleta unga. Swali ni unga unapikwa kwa sufuria ya nani.

Komenti ya tatu ni ya imani. Mathe wangu ni wa kwaya, nami nimekua kwa hayo mabenchi, kwa hivyo sitamtukana mtu. Ila mfupa uko hapo kabla ya mabishano yetu. Njoo uuangalie, halafu tubishane.

Nataka nini basi? Vitu vitatu.

Makavazi: tufungulieni droo. Ata kama ni Jumamosi moja kwa mwezi, toeni vitu vitano ambavyo havijawahi kuonyeshwa, weka mtu wa kuvieleza kwa Kiswahili. Skani zikiwa tayari, ziwekeni mahali mwanafunzi wa Kawangware anaweza kuzifungua bila kulipa.

Watafiti mnaokuja kuchimba: kama Kiswahili kinatosha kwa jina la mnyama, kinatosha kwa kurasa mbili za maelezo. Zitolewe siku moja na ile ya Kiingereza.

Na sisi wa kontenti: wacheni zile video za akili bandia za "dinosauri amepatikana hai Congo". Mnajua ni uongo na mnajua kwa nini mnaziweka. Kuna mnyama halisi wa mita 11 hapa nchini hana ata katuni moja.

Mimi naanza. Kila Alhamisi, mnyama mmoja, dakika mbili, Kiswahili cha hapa hapa. Wa kwanza ni yule wa Lapurr. Jina rasmi litatolewa na wenye kazi yao, lakini la utani tunaweza kumpa sisi. Andika lako hapo chini. Na kama unajua kuchora, ingia inbox, tuangalie ile mikono inakaaje.